Makaburi ya Morogoro: Kumbukumbu Iliyomo Udongoni na Mawe­ni

Milima ya Uluguru huuangalia mji wa Morogoro kutoka upande wa kusini. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, hufikia meta 2,630 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka katika misitu yake hutiririka maji yajazayo mto Ruvu, ambao huwanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Watalaamu wa mimea, wa miamba na wa maji wamekwisha kuandika mengi juu ya milima hiyo. Lakini chini ya milima, katikati ya nyumba, shule na mashamba, kuna hazina nyingine ya elimu ambayo hupitwa kila siku bila kutazamwa, nayo ni makaburi.

Makaburi ni mahali pa huzuni na heshima. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa historia, jiografia, kemia au elimu-viumbe, makaburi ni kama daftari lililofunguliwa. Humo huonekana ni nani waliishi katika mji, walitoka wapi, waliamini nini, na mara nyingi waliuawa na nini. Huonekana pia jambo ambalo daftari halikuliandika: ni nani walikufa bila kuwekewa alama yoyote. Morogoro ni mahali pafaapo sana kwa somo hili, kwa sababu ndani ya eneo la kilometa chache yamo makaburi ya aina ambazo katika nchi nyingi hazipatikani pamoja.

MAKABURI YA UKOO

Makaburi ya kwanza ya nchi hii hayakuwa na mawe yaliyochongwa. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa desturi ardhi ilikuwa mali ya ukoo, ikisimamiwa na mkuu wake. Kwa hiyo kumzika mtu katika ardhi ya ukoo kulikuwa na maana mbili. Kwanza, marehemu alirudishwa kwa wazee waliomtangulia, ambao walio hai huwakumbuka na kuwafanyia matambiko wakati wa ukame, maradhi au msiba mkubwa. Pili, kaburi lilikuwa ushahidi. Ukoo ulioweza kuonyesha makaburi ya wazee wake uliweza kuonyesha kwamba ulifika mahali hapo zamani na kwamba ulikuwa na haki ya kulima hapo.

Mahali pa matambiko na pa maziko ya wakuu hapakulimwa ovyo wala kukatwa miti. Jambo hili lina faida kwa mtaalamu wa mimea. Mahali ambapo mteremko mzima umefyekwa kwa ajili ya mahindi, migomba na maharage, kijisitu cha matambiko huweza kubaki na miti ya asili iliyokwisha kutoweka kandokando yake. Desturi kama hiyo hupatikana katika milima mingine ya Tanzania. Uchagani na Upareni, kwa mfano, mmea uitwao sale hupandwa kuonyesha mipaka na pia mahali pa wafu, na kung'oa sale la mwenzako ni kosa kubwa. Hivyo mmea hufanya kazi ambayo penginepo hufanywa na jiwe, tena mmea huo hujiotesha upya wenyewe, wakati jiwe huliwa na mvua.

Makaburi ya namna hii hayana orodha katika ofisi yoyote. Orodha yake imo vichwani mwa wazee, na mzee akifa bila kuuliza mtu, sehemu ya orodha huzikwa pamoja naye.

MJI WA NJIA PANDA

Katikati ya karne ya 19, Kisabengo alijenga mji wenye boma karibu na mahali ulipo mji wa leo. Baada yake alitawala binti yake, Simbamwene, na ndiyo maana msafiri H. M. Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871, aliuita mji huo kwa jina la mtawala huyo. Misafara ya kutoka pwani ilipita hapo kwenda bara, na pamoja na pembe na nguo ilileta dini. Uislamu uliingia kwa njia ya misafara. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, walifika Morogoro katika miaka ya 1880. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakafuata. Wajerumani, Wahindi wa madhehebu mbalimbali, Waarabu, Wagoa, Wagiriki, pamoja na wafanya kazi kutoka kila pembe ya nchi, wote wakajikuta katika mji mmoja.

Wakati wa ukoloni miji iligawanywa kwa rangi. Palikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ramani ya wafu ikafuata ramani ya walio hai. Lakini mgawanyo wa makaburi haukutokana na ubaguzi wa kikoloni peke yake. Kila dini ina kanuni zake za maziko, na kanuni hizo huweza kuonekana kwa macho.

Mwislamu huvikwa sanda na kulazwa kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso ukielekea Kibla, yaani upande wa Makka. Hapa ndipo jiografia na hesabu huingia. Makka iko nyuzi 21.4 kaskazini ya ikweta na nyuzi 39.8 mashariki. Morogoro iko nyuzi 6.8 kusini na nyuzi 37.7 mashariki. Mwanafunzi akipiga hesabu juu ya tufe ataona kwamba Kibla ya Morogoro ni karibu kaskazini kabisa, ikipinda upande wa mashariki kwa nyuzi 4 tu. Mtu alazwaye kwa ubavu wa kulia huku akitazama kaskazini, ni lazima kichwa chake kiwe mashariki na miguu iwe magharibi. Kwa sababu hiyo makaburi ya Waislamu wa Morogoro hulala kutoka mashariki kwenda magharibi. Huko Lahore nchini Pakistani, ambako Kibla ni upande wa magharibi, makaburi hulala kutoka kaskazini kwenda kusini.

Desturi ya kale ya Wakristo nayo ni kumlaza maiti chali, kichwa kikiwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akilitazama jua linapochomoza. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Katika nchi yetu, kaburi la Mwislamu na la Mkristo aliyezikwa kwa desturi hiyo huweza kulala katika mstari uleule, ila vichwa viko ncha tofauti. Wakristo wengi wa leo hawashiki tena desturi hiyo kwa ukali, na mara nyingi kaburi hufuata njia au mteremko. Kupima kwa dira ni njia nzuri ya kujua desturi ilishikwa mpaka lini.

Wahindu na Masingasinga huchoma maiti, kwa hiyo hawaachi kaburi. Yeyote ahesabuye wakazi wa zamani wa mji kwa kuhesabu makaburi tu, atawaacha nje kabisa. Hilo ni onyo la kwanza kwa mtafiti: ushahidi uonekanao si ushahidi wote.

VITA NA MARADHI, 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Morogoro ilikuwa kituo muhimu cha Wajerumani kwenye Reli ya Kati. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia mjini tarehe 26 Agosti 1916. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilikuwa limekwisha kuondoka kuelekea kusini, likiizunguka na kuipita milima ya Uluguru mpaka Kisaki. Vita vikaendelea miaka miwili zaidi, mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia.

Morogoro ikawa mahali pa hospitali za jeshi, na waliokufa humo wakazikwa mjini. Sehemu ya makaburi ya vita iliyoko Morogoro ina makaburi ya Waingereza, Waafrika Kusini na wengine waliopigana upande wao, na pia ya Wajerumani. Maadui wa zamani wamelala jirani.

Mtu akiyatazama makaburi hayo huweza kudhani kwamba wote waliolala hapo walipigwa risasi. Sivyo. Katika vita vya Afrika Mashariki maradhi yaliua na kudhoofisha watu wengi kuliko bunduki. Mfano mmoja unatosha. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza kazi Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, watu waliokuwa na afya ya kufanya kazi walikuwa 116 tu, ingawa kikosi hakikuwa kimepigana sana. Malaria, kuhara damu na homa ya mapafu ndizo zilizokimaliza.

Wanyama nao walikufa. Nchi iliyo kati ya reli na mto Rufiji ilikuwa na mbung'o wengi, na mbung'o huchukua vijidudu viletavyo ugonjwa wa nagana. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo walidumu majuma machache tu. Magari yalikwama katika matope ya masika. Kikabaki kichwa cha mwanadamu.

WATU WASIO NA JIWE

Hapa ndipo makaburi ya Morogoro yanaposema zaidi kwa yale yasiyokuwamo. Jeshi la Uingereza peke yake liliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Wajerumani nao walitumia wapagazi wengi, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini walimopita.

Kwa nini walihitajiwa watu wengi kiasi hicho? Hesabu rahisi yaonyesha. Tuseme mpagazi mmoja huchukua kilo 25 za nafaka, naye hula kilo 1 kwa siku. Akienda mwendo wa siku 5 na kurudi siku 5, atakuwa amekula kilo 10, na askari aliyeko mbele atapata kilo 15. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa amekula kilo 24, na askari atapata kilo moja tu. Kila jeshi lilipozidi kwenda mbali na reli, idadi ya wapagazi iliongezeka kwa kasi kuliko umbali wenyewe. Wakuu walipojaribu kuiokoa hesabu hiyo, walipunguza chakula cha wapagazi.

Watu hao walitembea katika mvua bila nguo za kutosha. Wengi walitoka nchi za juu zenye baridi, wala miili yao haikuwa imezoea malaria. Walipewa unga wa mahindi ambao baadhi yao hawakuuzoea, nao mara nyingi waliula bila kuiva vizuri kwa kukosa muda, kuni na vyungu. Matumbo yakaharibika, na kuhara damu kukafuata. Wanahistoria hukisia kwamba waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia au kuzidi 100,000. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa. Jina lao limebaki katika mahali ambapo kila Mtanzania hupajua: Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Nairobi nayo ina Kariokor yake.

Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, ambayo tangu 1960 huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni zake zilikuwa nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, juu ya jiwe la kudumu, pasipo kutofautisha cheo, rangi wala dini. Ndiyo sababu katika makaburi ya vita jiwe la ofisa na jiwe la askari wa kawaida huwa na umbo moja.

Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa watu wote. Makaburi ya Waafrika wengi, askari na wapagazi, hayakutunzwa, na majina yao hayakuchongwa. Badala yake yalijengwa masanamu ya kumbukumbu ya jumla katika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni mojawapo, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Huheshimu wote kwa pamoja, lakini haimtaji hata mmoja.

Jambo hilo lilikaa kimya kwa miaka mingi. Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa ya uchunguzi iliyoufanya juu ya historia yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, hasa wa Afrika na Asia, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ilikiri pia kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri.

Kazi ya kurekebisha imeanza. Mwezi Januari 2025 huko Cape Town yalizinduliwa makumbusho ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliofanya kazi za jeshi na kufa barani Afrika katika vita hivyo, bila kaburi lijulikanalo. Kila mmoja amewekewa nguzo ya mbao ya mvule iliyoandikwa jina lake. Majina hayo yalipatikana kwa kupekua daftari za zamani. Kwa wapagazi wa Tanzania kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa wengi hawakuandikwa vizuri. Kwa hiyo habari zilizomo katika familia, kwamba babu wa babu alichukuliwa na hakurudi, zimekuwa na thamani kubwa. Na ni katika mikoa kama Morogoro, ambako majeshi ya pande zote mbili yalipita, ndiko habari kama hizo zaweza kutafutwa.

MAZIMBU: WAGENI WALIOKUWA NDUGU

Kilometa chache nje ya mji, Mazimbu, yako makaburi ya zama nyingine. Mwezi Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga elimu ya kibaguzi, na wengi waliuawa. Maelfu ya vijana waliikimbia nchi yao. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha African National Congress eneo la shamba la zamani la mkonge hapo Mazimbu, nacho kikajenga shule, nyumba, karakana na hospitali. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979.

Morogoro ilikuwa na uhusiano na chama hicho hata kabla ya hapo, kwani mkutano wake mkuu wa ushauri ulifanyika mjini humo kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Walioishi Mazimbu walisoma, walifundisha, walioa na kuzaa, na baadhi yao walikufa kabla ya kuona uhuru. Walizikwa papo hapo. Mwaka 1992 eneo lote lilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi wa chuo husoma sayansi karibu na makaburi ya vijana waliokimbia nchi yao kwa ajili ya kutafuta elimu iliyo ya haki.

Makaburi hayo yanaleta swali gumu. Mwezi Septemba 2024 Afrika Kusini ilirudisha kutoka Zambia na Zimbabwe mabaki ya wapigania uhuru 42 ili wazikwe kwao. Je, wafu wapumzike pale walipofia, ambapo wenyeji waliwapokea na kuwazika, au warudi kwa wazee wao? Kwa Mluguru ajuaye maana ya kuzikwa katika ardhi ya ukoo, hamu ya familia ya Afrika Kusini kumrudisha ndugu yao si jambo la kushangaza. Na kwa Morogoro, makaburi hayo ni sehemu ya historia ya mji. Jibu liko mikononi mwa familia na serikali husika, lakini kila kaburi lililoandikwa jina vizuri hurahisisha uamuzi wowote utakaofanywa.

KOLA NA MOTO WA MSAMVU

Makaburi ya Kola ni ya mji wa leo. Huko ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa kwa moto wa Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na watu wasiopungua 100 walipoteza maisha, baadhi papo hapo na wengine hospitalini katika siku zilizofuata.

Sayansi ya msiba huo yapasa kufundishwa katika kila shule. Petroli hugeuka kuwa mvuke hata katika joto la kawaida. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu na kupotea, bali hutambaa chini na kujaa katika mitaro na mabonde. Cheche moja, ya pikipiki, ya sigara au ya chuma kugongana na chuma, yatosha kuuwasha wote kwa mara moja, hata ikiwa mbali na lori lenyewe. Mtu aliyesimama kando akitazama huwa tayari yumo ndani ya mvuke.

Baadhi ya miili iliungua kiasi cha kutotambulika kwa sura. Katika misiba ya namna hiyo huchukuliwa vipimo vya vinasaba kabla ya maziko, kaburi hupewa namba, na baadaye vipimo hulinganishwa na vya ndugu wa damu. Kwa njia hiyo namba hugeuzwa kuwa jina. Mwaka 1916 elimu hiyo haikuwapo, na kwa wapagazi hata namba ya kaburi haikuwekwa.

JIWE, MFUPA NA MAJI

Watu huchonga majina katika mawe wakiamini kwamba jiwe ni la milele. Kemia husema vingine. Maji ya mvua huyeyusha hewa ya ukaa iliyomo angani na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo huyeyusha kalisi kabonati, ambayo ndiyo mada ya jiwe la chokaa na ya marumaru. Kila masika huondoa utando mwembamba wa jiwe. Mahali ambapo herufi za risasi zilipachikwa katika marumaru, mtafiti huweza kupima jambo hilo: risasi haiyeyuki upesi, kwa hiyo jiwe linapoliwa, herufi hubaki zimechomoza. Kimo cha kuchomoza kikigawanywa kwa umri wa kaburi hutoa kasi ya kuliwa kwa jiwe. Saruji huliwa pia, tena ikiwa chuma kilichomo ndani kitapata kutu, huvimba na kuipasua.

Juu ya mawe huota madoa ya kijivu, ya manjano na ya kijani. Hayo ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kwa kusaidiana. Hukua polepole mno, na kwa kuwa tarehe ya jiwe yajulikana, makaburi humpa mwanafunzi nafasi adimu ya kupima ukuaji wake.

Mfupa nao una kemia yake. Sehemu kubwa ya ugumu wake ni fosfeti ya kalisi, ambayo hudumu katika udongo usio na asidi na huyeyuka katika udongo wenye asidi. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua nyingi, udongo wake mwekundu umeoshwa madini kwa muda mrefu, na mara nyingi una asidi. Katika udongo wa namna hiyo mifupa huweza kutoweka kabisa, na kaburi likabaki jina tu. Pwani, katika udongo wa matumbawe wenye chokaa, mambo ni kinyume. Huko Kaole karibu na Bagamoyo, ambako kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya karne nyingi, chokaa imesaidia kuhifadhi yale ambayo udongo wa milimani ungeyameza.

Kuna pia afya ya walio hai. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapendekezo juu ya mahali pa kuweka makaburi: yawe umbali wa meta 250 kutoka kisima au chemchemi ya maji ya kunywa, meta 30 kutoka mkondo mwingine wa maji, na chini ya kaburi pawe na udongo mkavu usiopungua meta moja kabla ya kuyafikia maji ya ardhini. Mji uliokaa chini ya milima yenye mito mingi hauna budi kuyazingatia hayo.

NAFASI NA SHERIA

Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 315,866 katika sensa ya 2012, na ile ya 2022 iliwahesabu zaidi ya 470,000. Ikichukuliwa, kwa mfano, kwamba kila mwaka hufa watu 6 katika kila 1,000, vifo vitakuwa 2,820. Kaburi moja pamoja na njia yake likichukua meta 5 za mraba, wote wakizikwa mjini watahitaji hekta 1.4 kila mwaka. Wengi husafirishwa kwenda kuzikwa kwao, na hivyo hitaji huwa dogo zaidi, lakini mwelekeo ni dhahiri. Makaburi ya zamani yatazidi kutamaniwa kwa nyumba, barabara na viwanda.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 huruhusu makaburi kuhamishwa ardhi inapohitajiwa kwa manufaa ya umma, kwa utaratibu maalumu na kwa fidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wake, huyalinda moja kwa moja majengo na makaburi ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyo ya baada ya hapo hulindwa kama Waziri akiyatangaza. Maana yake ni kwamba kaburi la mwaka 1916, au la mfanya kazi wa reli wa mwaka 1907, au la mwalimu wa Mazimbu, halipati ulinzi wa sheria hiyo kwa umri wake tu. Hulindwa na wanaolijua.

KAZI KWA WANAFUNZI

Shule kama Mzumbe na Kilakala, na nyingine zote zilizo karibu na makaburi ya zamani, zaweza kufanya kazi yenye faida kwa gharama ndogo. Kwanza ombeni ruhusa ya halmashauri, ya viongozi wa dini, na kwa makaburi ya ukoo, ya wazee wenyewe. Penye matambiko msiingie bila kuongozwa. Kisha:

1. Chora ramani ya makaburi kwa kutumia kamba na dira. Andika kila kaburi limeelekea wapi, na linganisha na hesabu ya Kibla iliyotolewa hapo juu.

2. Nakili maandishi yote kama yalivyo, pamoja na makosa yake. Usisugue jiwe kwa waya, asidi wala chaki. Mwanga wa jua la asubuhi, unaopita kwa upande, huonyesha herufi zilizofifia.

3. Tengeneza jedwali la umri na mwaka wa kifo. Tazama kama kuna miaka yenye vifo vingi, na tafuta sababu: vita, homa ya mafua ya 1918, njaa.

4. Pima kuvumwani na uharibifu wa mawe ya miaka mbalimbali, na chora grafu.

5. Waulize wazee wa kwenu habari za waliochukuliwa upagazi wasirudi. Andika jina la mtu, ukoo wake, kijiji chake, na jina la aliyesimulia. Usiongeze neno ambalo hukuambiwa.

Nakala moja ibaki katika maktaba ya shule, na nyingine ipelekwe kwa mtunza nyaraka au makumbusho. Kazi ya tano ndiyo ya haraka kuliko zote. Jiwe la marumaru laweza kungoja miaka mingine hamsini kabla ya herufi zake kufutika. Mzee aliyesimuliwa na bibi yake jina la mpagazi aliyepotea upande wa Kisaki hawezi kungoja hivyo.